Mizani ya Shilingi Kumi

Karibu na kituo cha mabasi, Kisumu,
pale wauza miwani wanapotandaza macho ya watu juu ya gunia,
palikuwa na kijana na mizani yake.
Shilingi kumi, ujue uzito wako.
Nilivua viatu, nikapanda.
Mshale ulizunguka, ukagonga ukingo, ukatetemeka
kama mtu aliyeulizwa swali la aibu mbele ya wageni.
"Mwalimu," akasema (chaki mikononi hunitangulia),
"hii inaishia mia na thelathini."
Akanirudishia sarafu.
Kule kurudishiwa ndiko kulikoniuma.

Nafundisha ushairi, kidato cha tatu.
Miaka kumi na tisa nimeandika ubaoni:
Mizani ni idadi ya silabi katika mshororo.
Wasichana wa nyuma walicheka kila mwaka,
na kila mwaka nilijua wanacheka nini.

Matangani niliketi juu ya viti viwili vya plastiki,
kimoja kimebebwa na kingine.
Vijana wa hema walivipanga bila kuambiwa,
kwa adabu, kama wanaomtengea askofu.
Fundi Nyangweso wa Kibuye aliongeza kipande
ubavuni mwa kila gauni, kitenge cha rangi nyingine.
"Ndio mtindo," alisema. Nikalipia mtindo.
Ngazi za darasani ni ishirini na mbili.
Ya kumi na moja nilisimama, nikijifanya nasoma matangazo.
Na mama, kila nilipofika nyumbani, alinishika mashavu:
"Owiti anakutunza!"
Owiti alikuwa amehama tangu Pasaka.

Daktari wa Milimani alinichorea tumbo nyuma ya karatasi ya dawa.
Hili gunia tunaliondoa, akasema. Tunabakiza ndizi.
Ndizi gani, nikauliza, ya kupika?
Ndogo. Kisukari.
Akacheka peke yake,
maana kisukari ndicho kilichonifikisha kwake.

Nilikunywa supu kwa kijiko cha dawa.
Mwezi wa nne nywele zilihamia kwenye kitana.
Arusini Ahero nilijaribu nusu ya soda,
nikamaliza hotuba zote nikiwa nimelala ndani ya gari la bwana harusi,
jasho likinitoka, riboni zikipepea dirishani.
Nililipa mkopo wa ushirika wa walimu, bado nalipa.
Na ngozi. Hakuna aliyenionya kuhusu ngozi.
Inaning'inia mkononi ninapoandika ubaoni,
inafika kwenye neno baada yangu.

"Umekonda, Apondi."
Hawakulisema kwa wivu. Walishusha sauti.
Mji huu umezika wembamba wengi,
najua wanachokumbuka.
Jirani mmoja alikuja usiku na kilo ya omena
na namba ya kliniki ndani ya karatasi iliyokunjwa.
Karatasi nilimrudishia. Omena nikabaki nazo.

Mama alipika ngege mzima.
Nikala shavu lake, na tonge la ugali kama gololi.
Mama akangoja.
Akaitazama ile sahani kama barua isiyo na sahihi.
"Chakula changu kimekosa nini?"
Nilikuwa nimemweleza upasuaji mara tatu,
na mara zote tatu alishika tumbo lake mwenyewe.

Siku hizi ngazi ishirini na mbili napanda bila kusimama.
Matangazo siyasomi tena;
mikutano miwili ya idara imenipita.
Jumatatu niliandika ubaoni: Mizani.
Nyuma kukawa kimya.
Niligeuka, nikawatazama,
nikajishangaa nikikitafuta kile kicheko.

Jana nilirudi kituoni.
Kijana yuleyule, mizani ileile, kioo kimepata ufa.
Nilivua viatu.
"Tisini na moja," akasema, macho kwenye simu.
Hakunijua.
Nilitaka kumwambia. Nimwambie nini?
Nikampa kumi yake,
nikavaa viatu taratibu, nikafunga kamba, nikazifungua, nikafunga tena,
nikingoja, huenda akairudisha.